Kumtumaini Mungu Wakati wa Mashaka

Tumaini ni jepesi kulisifu, ni zito kulichukua. Siku ambayo mvua imenyesha kwa wakati wake, ghala limejaa, wazazi ni wazima na mtihani umepita vyema, hapana mtu ashindwaye kusema kwamba anamtumaini Mungu. Maneno hayo hutoka kinywani bila gharama. Thamani yake hujulikana siku nyingine: siku ya homa isiyopungua, ya ada ya shule isiyopatikana, ya msiba uliobisha hodi mara mbili katika mwaka mmoja. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kipimo hicho ndicho cha imani pia. Imani isiyomfaa mtu katika dhiki ni pambo tu. Ni kama mwavuli uchukuliwao wakati wa kiangazi na kuachwa nyumbani wakati wa masika.

Nataka tulitazame swali moja. Mkristo aliyeomba asijibiwe, akatafuta faraja asiione, akasikia ndani ya moyo wake sauti ya shaka, je, ana haki ya kuendelea kumtumaini Mungu na kumfuata Yesu? Au angekuwa mkweli zaidi kama angeiacha imani yake, kama watu wakiachavyo kisima kilichokauka? Swali hili si la wazee na makasisi peke yao. Kijana hulikuta mapema, aghalabu usiku, wakati wenzake wamelala bwenini na yeye hapati usingizi. Akiogopa kulisema, hulichukua peke yake. Na mzigo uchukuliwao peke yake huongezeka uzito.

Mashindano ya roho ni ya namna nyingi, lakini matatu ndiyo makubwa. La kwanza ni kushindana na kishawishi: mtu anajua lililo jema, na mkono wake unavutwa kwenye lililo baya. La pili ni kushindana na hatia: mtu amekwisha kuanguka, na sasa haamini kwamba anaweza kupokewa tena. La tatu ni kushindana na ukimya: mtu hakutenda ubaya alioujua, ameomba kwa unyofu, na mbingu zimenyamaza. Kwa la kwanza mafundisho ni mengi, na kwa la pili yako mema. Petro alimkana Bwana wake mara tatu katika ua wa kuhani mkuu. Naye Yesu alipofufuka alimkuta ufukoni, akampa samaki aliyeokwa juu ya makaa, akamwuliza mara tatu kama anampenda, akamrudishia kazi yake. Anayedhani hatia yake imepita kiasi na alitafakari kifungua kinywa kile. Lakini hilo la tatu, yaani ukimya, ndilo liwashindalo wengi, nalo ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Tufikiri juu ya msichana ambaye mama yake ni mgonjwa. Anaomba asubuhi na jioni. Anafunga siku ya Ijumaa. Anaahidi kwamba mama akipona atakuwa mtoto mwema kupita alivyokuwa. Mama anakufa. Baada ya maziko anakuja mtu wa kanisani, pengine kwa nia njema, akamwambia kwamba laiti angaliamini vya kutosha mama yake angalipona. Hapo jeraha la kwanza limeongezwa la pili, nalo la pili ni baya zaidi, kwa sababu limetiwa kwa jina la Mungu. Msichana huyo alikuwa amepoteza mama. Sasa anaambiwa kwamba yeye ndiye aliyemwua.

Neno la namna hiyo si geni. Kitabu cha Ayubu kilikwisha kulichunguza zamani. Ayubu alipopoteza mali, watoto na afya, marafiki watatu walikuja kumwona: Elifazi, Bildadi na Sofari. Siku saba mchana na usiku walikaa naye chini wasiseme neno, na katika siku hizo walikuwa marafiki wa kweli. Walipofungua vinywa wakaharibu. Walimweleza kwamba Mungu hamwadhibu asiye na kosa, kwa hiyo lazima yeye ana kosa, na afadhali aliungame. Ayubu alikataa. Alilia, akateta, akamdai Mungu hukumu ya haki. Msomaji angetazamia kwamba mwishoni Mungu atamkemea mlalamikaji na kuwasifu watetezi wake. Mambo yalikuwa kinyume. Ayubu alionyeshwa udogo wa maarifa yake mbele ya ukuu wa uumbaji, naye akanyenyekea. Lakini waliokasirikiwa ni wale watatu, na sababu iliyotolewa ni kwamba hawakunena yaliyo sawa juu ya Mungu kama Ayubu alivyonena. Basi kilio cha kweli kilikuwa karibu zaidi na imani kuliko utetezi wa uongo.

Zaburi nazo zashuhudia hivyo. Katika zile 150 zilizomo, nyingi ni malalamiko ya mtu aliyebanwa. Aghalabu mwimbaji huanza kwa machozi na kumaliza kwa shukrani. Lakini Zaburi ya 88 haina mwisho huo. Inaanza gizani na kuishia gizani. Waliokusanya vitabu vitakatifu wangaliweza kuiacha, nao hawakuiacha. Waliiweka katika kitabu cha ibada, ili mtu asiye na neno la shukrani asikose neno la kuomba. Hata hivyo ndani ya giza lile mwimbaji bado anasema na Mungu. Hilo ndilo tumaini lake lote: hajageuza uso.

Hapa lugha yetu yenyewe yatufundisha. Neno imani ni ndugu wa neno amana. Mtu aendaye safari ya mbali huweka amana kwa jirani yake. Akisha kuiweka hawezi kuiona, wala hawezi kurudi kila saa kuikagua. Akifanya hivyo, amekwisha kuiondoa. Anachokijua ni tabia ya jirani. Kumtumaini Mungu ni kuiweka nafsi yako amana kwake kwa sababu ya yale unayoyajua juu ya tabia yake, katika saa ambayo huoni afanyalo. Kwa Mkristo, tabia ya Mungu imeonyeshwa katika Yesu. Kwa hiyo haiwezekani kusema juu ya tumaini bila kusema juu ya kumfuata.

Kumfuata mtu ni kwenda nyuma yake. Afuataye haoni njia nzima. Huona mgongo wa aliyetangulia, na hilo humtosha kupiga hatua inayofuata. Wengi hupenda kumfuata Yesu Kana palipo na arusi, na kando ya ziwa palipo na mikate. Lakini njia yake ilipita Gethsemane. Huko aliomba mara tatu kwamba kikombe kimwepuke, na kikombe hakikuondolewa. Aliwaomba rafiki zake wakeshe naye, nao wakasinzia. Siku iliyofuata, msalabani, alilia kwa maneno ambayo Zaburi ya 22 huanza nayo, kilio cha mtu aliyeachwa. Kama ombi lisilojibiwa ni dalili ya imani haba, basi itatupasa tuseme kwamba Yesu alikuwa na imani haba. Hakuna Mkristo awezaye kusema hivyo. Basi na asimwambie hivyo msichana aliyefiwa na mama. Ukimya uliompata yeye ulimpata Bwana mbele yake. Injili yasema kwamba siku ya tatu ukimya ule ulivunjwa. Lakini hapakuwa na njia ya kuifikia siku ya tatu bila kupita katika ile ya kwanza na ya pili.

Huenda mtu akasema kwamba mifano hiyo ni ya kale mno na ya mbali. Uko mfano mwingine ulio karibu nasi, katika pwani ya Kenya. Johann Ludwig Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, akafanya kazi ya Injili Ethiopia tangu mwaka 1837. Huko njia zilifungwa mbele yake, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa safarini nyikani, akafa. Mwaka 1844 alikuja Mombasa pamoja na mke wake, Rosine. Haukupita muda homa ikawaangusha wote wawili. Wakati huo hapana aliyejua kwamba mbu ndiye mchukuzi wa malaria. Jambo hilo lilithibitishwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mwezi wa Julai Rosine alifariki, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kike, na mtoto naye akamfuata mama yake. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Krapf mwenyewe alikuwa akitetemeka kwa homa.

Katika barua aliyowapelekea waliomtuma hakuificha huzuni yake, wala hakudai kwamba ameielewa sababu ya msiba. Aliwaambia kwamba kaburi lile la upweke katika pwani ya Afrika ni alama kuwa mashindano yameanza katika sehemu hii ya dunia. Kisha akarudi kwenye kazi. Alikuwa amekwisha kuanza kujifunza Kiswahili na kukitafsiri kitabu cha Mwanzo; akaendelea. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, na wote wawili wakajenga Rabai. Waliofuata mafundisho yao walikuwa wachache mno. Wa kwanza, Mringe, alikuwa mtu mwenye ulemavu, maskini, asiye na cheo, naye alikufa muda mfupi baada ya kubatizwa. Krapf alilazimika kurudi kwao mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann alibaki. Alikaa miaka 29, akamzika mke wake mwaka 1866, akapoteza nuru ya macho yake, akarejea Ujerumani mwaka 1875 akiwa kipofu, na mwaka uliofuata akafa. Kwa hesabu ya mfanya biashara, maisha yale yalikuwa hasara.

Baadaye yalitokea mambo ambayo watu wale hawakuyaona. Kamusi ya Kiswahili aliyoikusanya Krapf ilichapishwa mwaka 1882, naye alikuwa amefariki mwezi wa Novemba 1881. Leo mwanafunzi wa lugha hii bado huirejea. Lakini tuwe waangalifu hapa. Mtu asije akasema kwamba Mungu alimwua Rosine ili kamusi ipatikane. Hesabu ya namna hiyo ni ya kikatili, wala Krapf mwenyewe hakuifanya. Tunda jema lililopatikana baada ya msiba haliufanyi msiba kuwa jambo jema. Twaweza kulaumu mengi katika kazi ya wamishonari na katika mambo yaliyokuja nyuma yao. Hilo ni suala la historia, nalo lina mahali pake. Hapa twatazama jambo moja tu: mtu aliyevunjika moyo, asiye na jibu, alifanya wajibu wa siku iliyofuata. Tumaini lake lilikuwa katika miguu na mikono yake hata pale lilipokuwa limetoweka katika hisia zake.

Watu hao hao wawili wametuachia mfano mwingine pasipo kukusudia. Mwaka 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Mwaka 1849 Krapf akauona mlima Kenya. Habari zilipofika Ulaya, wanajiografia wengine walizicheka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na mstari wa Ikweta. Waliocheka hawakuwa wamefika. Kila aliyekaa Nyeri au Meru anajua kwamba kilele cha mlima Kenya huonekana alfajiri, na kabla ya adhuhuri mawingu huwa yamekwisha kukifunika. Mkulima akiona mawingu hasemi kwamba mlima umeondoka. Alichokiona alfajiri chamtosha mpaka alfajiri nyingine. Mfano huu una kikomo, maana mlima waweza kupandwa na kupimwa, na Mungu hapimwi hivyo. Lakini unatuonyesha kwamba kutoona sasa si hoja ya kutosha ya kukanusha kilichoonekana jana.

Na kama mawingu yatadumu miaka? Mama Teresa wa Calcutta alianzisha shirika lake la kuwahudumia maskini mwaka 1950, akapewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 1979, akafariki mwaka 1997. Watu waliomwona akitabasamu kando ya vitanda vya wanaokufa walidhani kwamba moyo wake umejaa nuru. Mwaka 2007 barua zake kwa waungamishaji wake zilichapishwa, na dunia ikastaajabu. Kwa karibu miaka 50 alikuwa akiomba bila kuhisi kwamba Mungu yu karibu. Wengine walisema: Tazameni, alikuwa mnafiki. Sidhani kuwa ni haki. Mnafiki huonyesha wema asioutenda. Yeye aliutenda wema asiouhisi. Aliamka mapema kila siku, akasali, akaosha vidonda. Kama upendo ni hisia tu, alikosa upendo. Kama upendo ni uaminifu, ni wachache waliompita. Wahenga walisema, ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo.

Sasa tuwasikilize wapinzani, maana hoja isiyopingwa haijulikani nguvu zake. Wa kwanza husema: Tumaini huwafanya watu wavivu, husali badala ya kutenda. Ni kweli kwamba wako wavivu wanaojificha nyuma ya sala. Mwanafunzi asiyefungua kitabu muhula mzima kisha akaomba apasi hamtumaini Mungu. Anamtaka awe mshirika wa uzembe wake. Lakini hilo ni kosa la mtu, si la tumaini. Nehemia, alipokuwa akiujenga upya ukuta wa Yerusalemu na adui wakamtishia, aliomba, na papo hapo akaweka walinzi mchana na usiku. Sala haikumzuia kuweka walinzi, wala walinzi hawakumzuia kusali.

Mpinzani wa pili ana hoja kali zaidi. Asema: Mkiwafundisha watu kumtumaini Mungu pasipo kuona, mnawaandaa kudanganywa na kila asemaye kwa jina lake. Hoja hii hatuwezi kuipuuza. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Ilielezwa kwamba watu waliambiwa wafunge kula hata kufa ili wakutane na Yesu. Waliokwenda huko walikuwa watu wenye tumaini. Basi tumaini peke yake halitoshi. Lazima tuulize limewekwa kwa nani.

Jibu la Mkristo limo katika kumfuata Yesu mwenyewe, na kuyajua matendo yake. Yeye alipofunga jangwani aliona njaa. Aliposhawishiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu ili malaika wamdake, alikataa, kwa kuwa kujihatarisha kwa makusudi ni kumjaribu Mungu, wala si kumtumaini. Alipomfufua binti wa Yairo, agizo lake baada ya hapo lilikuwa kwamba mtoto apewe chakula. Mtu akija kwa jina lake akasema mtoto anyimwe chakula, au mgonjwa atupe dawa, au mwanafunzi aache masomo, au maskini atoe senti yake ya mwisho ili mhubiri anunue gari, hatuhitaji elimu kubwa kujua kwamba sauti hiyo ni ya mwingine. Mungu alitupa akili kabla ya kutupa wahubiri. Kumwamini yeye hakutulazimishi kumwamini kila mtu amtajaye.

Wa tatu hauliza kwa ukali. Huuliza kwa huzuni. Asema: Nimejaribu, na bado sioni kitu. Huyu simwiti mpinzani, namwita ndugu. Katika Injili ya Marko yumo baba aliyemleta mtoto wake mgonjwa kwa Yesu, akakiri mbele ya watu kwamba anaamini, na kwa pumzi ile ile akaomba asaidiwe katika kutoamini kwake. Hakufukuzwa aende kwanza akamalize mashaka yake. Mtoto aliponywa siku ile ile. Imani iliyochanganyika na shaka ilipokewa kama ilivyo.

Kijana uliye katika mashindano hayo, sina dawa ya kuyaondoa usiku mmoja, ila nina mashauri machache. Sema kweli katika sala zako. Usimpambie Mungu maneno usiyoyahisi, maana anayajua usiyoyasema. Tafuta mtu mzima mwenye busara, mzazi, mwalimu au mchungaji, umwambie. Yesu mwenyewe katika saa ya giza alitaka wenzake wawe karibu. Usikate shauri kubwa la maisha yako usiku wa manane, wakati uchovu unajifanya kuwa hekima. Ukiwa mgonjwa wa mwili au wa moyo, nenda kwa mganga wa hospitali bila kuona haya. Na ukikosa nguvu ya kumwinulia Mungu macho, mtazame jirani: mpelekee maji mgonjwa, mfundishe hesabu aliye nyuma yako, mkalie kimya aliyefiwa kama rafiki za Ayubu walivyokaa siku zile saba za kwanza. Wengi waliompoteza Mungu katika fikira zao wamemkuta tena katika kazi ya mikono yao.

Narudi kwenye swali. Mtu aliyenyamaziwa ana haki ya kuendelea kutumaini, maana ukimya haujathibitisha kuwa ameachwa, na yule anayemfuata aliipita njia hiyo hiyo. Hatuahidiwi kwamba kila ombi litajibiwa kama tulivyoliomba. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, haukuondolewa, akapewa neema ya kuuchukua. Tunaahidiwa mwenzi wa safari. Asiyeshindana hajui kama ana imani au ana mazoea tu, aliyeshindana anajua. Yakobo alishindana usiku kucha kwenye kivuko cha Yaboki, akatoka pale amebarikiwa na anachechemea, vyote viwili kwa pamoja. Tusione ajabu ikiwa na sisi tutapata baraka yetu kwa namna hiyo, wala tusiwacheke wanaochechemea.